Kidude Kilichoandikwa Mke

Machi 4
Mvua ya kwanza ya masika imetukuta leo katikati ya filamu. Mabati ya ukumbi wetu ni ya zamani, yakipigwa na mvua utadhani mtu anamwaga kokoto juu ya vichwa vya watu. Wateja wakaanza: "Sauti! Mama Mitambo, sauti!"

Mama Mitambo ndiye mimi. Mtafsiri ni mume wangu. Filamu zinakuja na lugha zao, yeye anashika maiki na kuwageuzia watu kwa Kiswahili palepale, kwa sauti nzito iliyompa jina la Radi. Anakaa mbele ya ukumbi, nyuma ya pazia. Mimi nakaa chumba cha mitambo, ubavuni kwake, tumetenganishwa na ubao wenye tundu la kupitishia nyaya.

Watu wanaona picha tu, hawajui sauti inatoka wapi. Ile televisheni, ukubwa wote ule, inaongea kama mgonjwa. Kwa hiyo sauti naitoa kwenye deki kwa waya mwekundu na mweupe, naiingiza kwenye mixa pamoja na maiki ya Radi, na mixa ndiyo inayoigawa: huku spika za ukumbini, huku hedifoni. Radi akifungua mdomo nashusha filamu. Akinyamaza naipandisha. Hedifoni zake yeye zinamletea filamu peke yake, maana sauti ya maiki ikimrudia anababaika. Zangu zinaniletea kila kitu. Nasikia mpaka anavyomeza mate.

Miaka yote ya kazi hii sijawahi kumkata neno. Hakuna mwanamke anayemjua mumewe kwa masikio kama mimi.

Machi 6
Mvua. Watu wachache.

Machi 9
Radi kaja na wazo. Anataka sauti ya kike. Anasema watu wamechoka kumsikia akilia kilio cha bibi harusi, na kweli akilia vile ni kama mbuzi mwenye mafua.

Nikamwambia, "Mimi je?"

Akacheka. Dada yake, wifi yangu anayekata tiketi mlangoni, naye akacheka mpaka akashika mbavu. Radi akanipigapiga bega: "Mke wangu, wewe sauti yako iko mikononi. Ukishika maiki, mitambo atashika nani? Na kile kicheko chako cha kuku anayetaga, si watakimbia?"

Nikacheka na mimi. Lakini lile la kuku bado nalisikia hadi hivi ninavyoandika.

Machi 12
Kaletwa. Na aliyemleta ni wifi, nani mwingine? Binti wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, mdomo haupumziki. Ameingia akisalimia kuanzia mlangoni hadi viti vya mbele, na kabla hajakaa wameshampa jina: Chiriku. Mimi kaniita "dada", kanishika mkono kwa mikono miwili. Nikaurudisha mkono wangu.

Radi kachomeka maiki ya pili. Mixa yetu kila maiki ina vidude viwili vya kuzungusha: cha juu kinapeleka sauti ukumbini, cha chini kinaileta kwenye hedifoni zangu. Radi akakata vipande vya plasta nyeupe, akaandika kwa kalamu nzito. Juu ya maiki yake kaandika MUME. Juu ya ile ya Chiriku kaandika MKE.

Nikamwuliza, "Hii ni nini?"

"Si sauti ya mume na sauti ya mke? Ulitaka niandike nini, SHANGAZI?"

Wifi kapita, kasoma, kanitazama. "Haya wifi, mke kaandikwa kabisa." Halafu akaenda zake kuhesabu viti.

Machi 15
Lazima niseme ukweli, angalau humu. Anaweza.

Leo kulikuwa na mama mkwe kwenye filamu, mkali, na Chiriku akamgeuza kuwa mwanamke ambaye kila mtu ukumbini anamjua. Watu walicheka hadi viti vikalia. Radi akamjibu, Chiriku akamrudishia, wakawa wanapokezana kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Na mimi nipo kwenye mitambo, napandisha, nashusha. MUME juu. MKE juu. MUME chini. MKE juu tena.

Nina wivu. Nimeliandika na nimelitazama. Nina wivu mpaka meno yananiuma.

Machi 17
Nimechungulia kwenye tundu la nyaya. Yanaonekana magoti tu. Yake na yake. Katikati ingepita sahani.

Machi 18
Ingepita kisosi.

Machi 21
Leo nimesikia kwa masikio yangu.

Filamu ya kwanza ilikuwa imekwisha, watu wametoka kujinyoosha. Spika za ukumbini nilizifunga, lakini kwenye hedifoni zangu maiki zote mbili zilikuwa wazi. Sikufanya makusudi. Haya, sikuzivua kwa makusudi.

Kwanza ilikuwa minong'ono na karatasi zinazochakarishwa. Halafu sauti ya mume wangu, ile ya chini, ambayo nilidhani ni ya kwangu peke yangu:

"Lakini usimwambie mke wangu."

"Siwezi, kaka Radi. Ila atajua tu."

"Atajuaje? Wewe funga mdomo."

Wakacheka wote wawili.

Nimepika, tumekula, nimemuuliza habari za kazi. "Nzuri," kasema, akajigeuza ukutani. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kinakoroma hapa pembeni yangu.

Machi 22
Wifi kaniambia, bila kuulizwa, kwamba Chiriku anafika siku hizi saa nzima kabla ya filamu, na kaka yake naye yuko palepale nyuma ya pazia. "Mazoezi," kasema, akanikonyeza. Wifi akikukonyeza, ujue huna rafiki.

Machi 24
Nimefanya.

Mvua ilikuwa kubwa kuliko siku zote. Chiriku akaanza kusema, mkono wangu ukaenda kwenye kidude cha juu cha MKE, nikakizungusha taratibu mpaka mwisho wa kushoto. Cha chini nikakiacha. Sauti yake ikapotea ukumbini kama maji yanavyotoka kwenye beseni lenye tundu, ikabaki masikioni mwangu tu.

Nikangoja kelele. Hakuna. Mvua inagonga, mwanamke wa kwenye filamu anaongea lugha yake, watu wanakodoa macho. Radi amevaa hedifoni zake zenye filamu tupu, anaona midomo ya mwenzake inacheza, anajua mambo yako sawa. Chiriku naye kavaa za kwake, za filamu vilevile, atajuaje?

Nilifurahi, nisijidanganye. Unataka kuwa mke? Basi uwe mke asiyesikika, tuone kama utapenda.

Machi 25
Tena.

Machi 26
Tena. Mvua inanisaidia.

Machi 29
Fundi viatu, yule wa mstari wa mbele asiyekosa filamu, kamsimamisha Radi mlangoni: "Yule binti mbona siku hizi anakula hela ya bure? Wanawake wote wa kwenye filamu wamekuwa mabubu."

Radi kashangaa. "Namwona anaongea mpaka jasho linamtoka!"

"Labda anaongea na wewe."

Watu wakacheka. Radi akaniuliza mimi, nikasema, bila hata kupepesa: "Mvua, baba. Kasauti kake kadogo, mvua inakameza." Uongo ulinitoka laini hadi nikajiogopa.

Aprili 2
Radi kamwambia apaze sauti. Leo kapaza. Masikio yangu yameumia; ukumbi haukusikia hata kikohozi. Nimekaa pale peke yangu nikipigiwa kelele na mtu niliyemfungia mdomo.

Aprili 5
Kwa kuwa namsikia peke yangu, namsikia vizuri kuliko zamani. Zamani nilikuwa nasikia vicheko vya watu. Sasa nasikia kazi. Kuna mjane kwenye filamu ya leo, anaingia nyumbani, anakuta kiatu cha marehemu mlangoni. Mwanamke wa kwenye filamu hakusema kitu. Radi angejaza maneno pale, namjua. Chiriku alinyamaza, akavuta pumzi moja, akasema, "Kumbe hukukivaa." Basi.

Nilifuta macho kwa kitambaa cha kupangusia deki.

Aprili 8
Sauti imemkauka. Anakunywa maji ya moto kwa kikombe cha wifi. Mlangoni kaniuliza, "Dada, wewe ndiye unayejua mitambo. Nakosea wapi mimi? Maiki niisogeze?"

Nikamwambia, "Isogeze kidogo."

Kaisogeza. Mungu ananiona.

Aprili 11
Leo hakuna kilichonisaidia, nimecheka.

Kwenye filamu jambazi kajificha kwenye banda la kuku, mwenye nyumba anamtafuta. Hakuna wa kuongea pale ila kuku. Chiriku akawa kuku. Kuku mmoja mbea akiwaambia wenzake, "Jamani, huyu jogoo mpya ana bunduki." Halafu akaongeza maneno ambayo hayakuhusu filamu hata kidogo: "Na ukutani kuna masikio, na masikio yamevaa hedifoni."

Kicheko kilinitoka chote, cha kuku anayetaga, nikaziba mdomo nimechelewa. Ukumbi kimya. Nikajiambia hakuna aliyesikia kwa mvua hii.

Baada ya pale alinyamaza muda mrefu kidogo. Halafu akaendelea.

Aprili 14
Mvua. Nimejikuta nawahi kazini.

Aprili 16
Radi naye ana wivu wake, sikujua. Jana kasema, "Huyu mtoto siku za mwanzo alinifunika. Sasa mvua imemwonyesha cha moto." Kasema kwa furaha kidogo, akajizuia. Nikamtazama akivua viatu. Mtu huwa hamsemi binti anayemtaka kwamba mvua imemwonyesha. Basi ile "usimwambie" ilikuwa ya nini?

Sikumuuliza. Ningemuuliza, angeniuliza nimeisikia wapi.

Aprili 19
Mkono umekwenda kwenye kidude cha juu, ukarudi. Nikimfungulia ghafla leo, watauliza jana kulikuwa na nini. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimo ndani nimeshafika kwenye maji.

Lakini si hilo tu. Niandike lililobaki. Nikimfungulia, atakuwa wa wote tena. Sasa hivi ni wangu.

Aprili 23
Radi kaamua. Jumamosi ndiyo mwisho wa Chiriku. "Wateja wamesema, nifanyeje? Sauti hana." Alimwambia mbele yangu. Binti akasema, "Sawa, kaka," akaanza kukunja leso yake ndogo, akaikunja mpaka haikukunjika tena.

Wifi, yule yule aliyemleta, kasema, "Si kila anayeongea anasikika."

Aprili 25
Sikulala vizuri. Mbu.

Si mbu.

Aprili 26, Jumamosi
Niandike kwa mpangilio, maana kichwa kinazunguka.

Jua lilitoka. Baada ya wiki zote hizo, leo mabati makavu, ukumbi umejaa hadi watu wamesimama. Chiriku alinipitia chumbani kabla ya kukaa. Akasema, "Dada, leo unisikilize vizuri." Nikasema, "Nakusikiliza siku zote." Akatabasamu, akaenda.

Mvua haipo, kisingizio hakipo. Nilijua asiposikika leo ukumbi mzima utauliza. Lakini sikufikiria hilo, naapa. Nilifikiria kwamba anaondoka, na watu wanaamini hana sauti, na mtu pekee duniani anayejua anayo ni mimi. Nikapanga: mwanzoni wanaume watupu wanapigana, hana la kusema. Halafu inakuja pale mama anapomuaga mwanawe kituoni. Pale nitamfungulia. Angalau aondoke amesikika mara moja.

Ikafika. Yule mama akamshika mwanawe mashavu. Nikashusha filamu. Nikashika kidude cha juu cha MKE, nikakizungusha mpaka juu kabisa.

Na Chiriku akasema:

"Dada wa mitambo. Najua ni wewe tu unayenisikia, kwa hiyo leo filamu isubiri."

Spika zote nne. Sauti safi, hakuna hata tone la mvua. Watu wakageuka kutazamana. Yeye na Radi, masikio yamezibwa na hedifoni za filamu, hawana habari.

"Nilikushuku, nikajua siku ya kuku. Niliinua sikio moja la hedifoni: ukumbi mzima kimya, halafu kwenye tundu la nyaya nikasikia mtu anataga. Nikasema, aa, kumbe. Mvua haichagui mtu wa kummeza, dada. Inammezaje Chiriku, inamwacha Radi?"

Hapo ningeweza kufunga. Kidude kilikuwa bado vidoleni. Robo mzunguko tu.

"Sasa nikwambie. Kwanza, mumeo simtaki. Simtaki hata nikipewa bure na nauli juu. Anatafuna karanga akiongea, maganda yote yananirukia mimi. Pili, tunachonong'ona ni filamu. Kaka Radi hajui hata neno moja la hizi lugha. Mimi nimesoma kidogo, namsimulia kabla hatujaanza. Alinikataza nisikwambie, kwa sababu anasema wewe ndiye mtu pekee anayemwona msomi."

Mtu mmoja akapasuka kicheko. Fundi viatu akapaza sauti kutoka mstari wa mbele, "Aa, hilo la Radi tunalijua siku nyingi!" Ukumbi mzima ukaanguka. Watu walipiga mapaja, walipiga viti. Nikasikia kwenye maiki ya MUME mlio wa hedifoni zinazovuliwa, kisha mume wangu akisema polepole, "Ee Mungu wangu," na hilo nalo likaenda ukumbini.

Chiriku yeye bado.

"Tatu. Hii kazi naipenda, dada. Nilikuwa naamka naiwaza. Ukaninyang'anya watu wote, nikabaki na wewe. Basi nikawa nakufanyia wewe. Kila siku nasema, leo nitamliza, leo nitamchekesha. Sijapata msikilizaji kama wewe, na wewe ndiye uliyenifunga. Sasa sijui nikuchukie au nikushukuru. Nichague nini?"

Ukumbi ulikuwa umenyamaza kufikia hapo. Nadhani ule ukimya ndio uliomshtua, au Radi alimgusa. Nikasikia anavua hedifoni. Nikasikia pumzi yake ikitoka kwenye spika, na yeye akiisikia.

"Dada," akasema. "Umefungua?"

Mimi sina maiki. Miaka yote hiyo, sina maiki. Nilikaa pale, mkono juu ya mixa, vichwa vyote vimegeukia mlango wa chumba changu, na sikuwa na kitu cha kumjibia ila kukiacha kidude palepale kilipo.

Aprili 27
Radi hakunisemesha mpaka jioni. Halafu tukasema yote.

Nikamwambia, "Umenidanganya miaka yote unajua lugha za watu."

"Na wewe umenidanganya mvua."

"Basi tumelingana."

"Hatujalingana." Hakupaza sauti, na Radi asipopaza sauti ndipo anapotisha. "Mimi nilimdanganya mke wangu ili anipende. Wewe ulimfungia mtoto wa watu riziki yake."

Nililia, akaniacha nilie, halafu akaniletea maji.

Aprili 28
Nimekwenda kwake. Nilimkuta anafua uani. Nikapiga magoti kwenye maji ya sabuni, akasema, "Inuka dada, unanichafulia maji ya kusuuzia." Nikasema nisamehe. Akakamua shati, akakung'uta, akaanika, ndipo akanigeukia.

"Wateja wamekuja hapa tangu asubuhi. Wanataka nirudi. Nitarudi. Ila kesho siongei."

"Kesho utafanya nini?"

"Kesho nitakaa kwenye mitambo. Wewe utakaa kwenye maiki. Filamu moja, mwanzo hadi mwisho."

Nikamwambia mimi sijui kuongea. Akasema, "Na mimi sijui mitambo. Lakini kile cha MKE nimeshakiona kinavyozungushwa."

Aprili 29
Mvua imerudi, kubwa kama ya mwanzo.

Nimekaa nyuma ya pazia, kwenye kiti nilichokuwa nakichungulia tunduni. Maganda ya karanga kweli yanaruka. Radi kanivalisha hedifoni mwenyewe, akanirekebishia maiki, akaninong'oneza, "Usiogope, mimi mwenyewe hubuni." Nikaanza. Neno la kwanza lilitoka kama mlango usiotiwa mafuta. La pili likafuata. Nikawa mama, nikawa mchumba, nikawa polisi wa kike. Ile hamu yote niliyoibana tangu Machi, na kabla ya Machi, ikatoka. Radi alinitazama midomo, akatikisa kichwa kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Kwenye filamu kulikuwa na shangazi mlafi anaiba chakula harusini. Nikamfanya wifi. Sauti yake, mwendo wake, "haya wifi" zake. Nilijua ni tamu. Niliijua ndani ya mifupa.

Nikainua sikio moja la hedifoni nisikie ukumbi unavyocheka.

Mvua. Mvua tu, na watu kimya, na yule mwanamke wa kwenye filamu akiongea lugha yake.

Nikakaa hivyo, sikio moja wazi. Ndipo kwenye tundu la nyaya, ng'ambo ya ubao, nikasikia mtu mmoja anacheka. Anacheka kwa dhati, anakata pumzi, anajaribu kujizuia na hawezi.

Nikarudisha hedifoni sikioni. Filamu ilikuwa bado ndefu. Nikasogea karibu na maiki, nikaendelea, vizuri kadiri nilivyoweza, kwa ajili yake.